Chumvi Motoni na Elektroni ya Kumi na Tisa

Mwanafunzi wa Kipsing, kule Isiolo, hahitaji maabara ili aione kazi ya elektroni. Achukue chumvi ya mezani, chembe chache tu, azirushe kwenye moto wa kuni jioni. Ndimi za moto zitageuka njano kali kwa muda mfupi. Njano hiyo ina urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 589, na haibadiliki: ni ileile Kipsing, ileile Mombasa, ileile ndani ya taa za sodiamu za barabarani.

Sodiamu ina elektroni 11. Ile ya nje kabisa hupata nishati kutoka kwa moto, ikapanda kiwango cha juu, kisha ikashuka na kuitoa nishati hiyo kama mwanga. Lau elektroni ingeweza kukaa popote, ingeshuka kwa kiasi chochote na rangi zote zingechanganyika. Lakini viwango vyake vimetengana, na kati ya kimoja na kingine hakuna pa kukaa. Mwanafizikia Niels Bohr alieleza hivyo mwaka wa 1913, akizichukulia elektroni kama zinazokizunguka kiini kwenye njia za duara. Picha hiyo ndiyo iliyodumu vitabuni, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger alichapisha mlinganyo ulioziondoa njia hizo. Elektroni huelezwa kama wimbi, nalo wimbi hutupa uwezekano tu wa kuikuta hapa au pale. Kila umbo la wimbi hilo huitwa obitali. Mchungaji aliyepotelewa na ngamia hajui alipo, ila ngamia yupo mahali fulani. Elektroni si kama huyo ngamia: kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kabla ya kupimwa haina mahali pamoja pa kutajwa. Ni jambo gumu kulimeza, na sijaona njia ya kulirahisisha bila kulipotosha.

Tunachovuna kwa kulikubali ni jibu la swali linalowasumbua wengi katika kemia ya sekondari. Sodiamu huandikwa 2.8.1, yaani idadi ya elektroni katika kila kiwango kuanzia cha ndani, sawa. Potasiamu, yenye elektroni 19, huandikwa 2.8.8.1. Kwa nini ile ya 19 inahamia kiwango cha nne, ilhali cha tatu kinaweza kubeba 18? Duara za Bohr hazijibu. Obitali zinajibu. Kila obitali hubeba elektroni mbili tu, kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka wa 1925. Kiwango cha tatu kina obitali za aina tatu, ziitwazo s, p na d: moja ya s, tatu za p na tano za d, yaani nafasi 2, 6 na 10. Zile za s na p zikijaa, elektroni inayofuata hukuta s ya kiwango cha nne ina nishati ya chini kuliko d ya kiwango cha tatu, kwa kuwa wimbi la s hupenya hadi karibu na kiini na kuvutwa zaidi. Basi hukaa huko.

Kalisi, ya 20, nayo ni 2.8.8.2. Elementi ya 21, skandiamu, ni 2.8.9.2: elektroni imerudi kujaza d. Kanuni ya nane, kwamba kiwango cha tatu hutosheka na elektroni nane, inavunjika hapo hapo, hatua moja tu baada ya orodha ya elementi 20 anayokaririshwa mwanafunzi.