Gari Lisipoutambua Ufunguo Wake: Namna ya Kubaini Chanzo Kabla ya Kulipia Matengenezo

Magari mengi yanayotumika Songea na wilaya za jirani za Mbinga, Namtumbo na Tunduru yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuingizwa nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam. Mengi kati ya hayo huwashwa kwa kubonyeza kitufe, au kwa ufunguo wa chuma wenye chipu ndani yake. Mfumo huo humlinda mwenye gari dhidi ya wizi, lakini siku unapogoma humwacha amesimama kando ya gari lake mwenyewe kama mgeni.

Tatizo hili lina upande wa ufundi na upande wa fedha. Chanzo huweza kuwa betri ndogo ya ufunguo, ambayo bei yake haifikii gharama ya lita chache za mafuta. Mlaji asiyejua hilo huweza kuuziwa kompyuta nzima ya gari, au kushauriwa kulisafirisha gari hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Makala hii inaeleza jinsi mfumo unavyofanya kazi, vipimo ambavyo mwenye gari anaweza kuvifanya mwenyewe, na haki zake anapofika kwa fundi.

1. Jinsi gari linavyoutambua ufunguo

Ufunguo wa chuma wenye chipu hauhitaji betri kwa kazi ya kuwasha gari. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili inayoiamsha chipu kwa nguvu ya sumaku. Chipu hujibu kwa namba yake ya siri, na kompyuta ya ulinzi, iitwayo imobilaiza, huruhusu injini iwake. Namba isipolingana, injini haiwaki hata kama meno ya ufunguo yanazungusha swichi vizuri. Ndiyo sababu nakala iliyochongwa bila chipu hufungua mlango lakini haiwashi injini, au huiwasha kwa sekunde chache kisha ikazima.

Ufunguo wa magari ya kitufe hufanya kazi kwa mazungumzo ya pande mbili. Antena za gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kiasi cha kilohezi 125 hadi 134, yanayofika umbali wa takriban mita moja. Ufunguo unapoyapokea, hujibu kwa mawimbi ya masafa ya juu, ambayo kwa magari mengi ya soko la Japani huwa karibu na megahezi 315. Jibu hilo hutegemea betri ndogo iliyomo ndani ya ufunguo. Betri hiyo ikiisha kabisa, bado ipo chipu ya akiba isiyohitaji betri, nayo husomwa kwa karibu sana tu.

Kwa kuwa njia hizi ni tofauti, kila moja inaweza kuharibika peke yake. Kazi ya uchunguzi ni kujua ipi imekatika.

2. Vipimo vya kufanya kwa utaratibu

Mtumiaji anashauriwa kufuata mpangilio huu, kuanzia kwenye jambo rahisi lisilo na gharama.

(a) Pima kwanza betri kubwa ya gari. Betri iliyochoka huifanya kompyuta ishindwe kusoma ufunguo, na dashibodi huweza kuonyesha ujumbe wa ufunguo kutotambuliwa ilhali ufunguo ni mzima. Tazama kama taa za mbele zinafifia na honi inalia kwa unyonge. Kwa mita ya umeme, betri nzima iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6, ikishuka chini ya volti 12, ichajiwe au ipimwe kabla ya kugusa kitu kingine. Angalia pia kama vichwa vya betri vimelegea au vina kutu nyeupe. Asubuhi za baridi za Juni na Julai huufichua udhaifu wa betri ambao joto lilikuwa limeuficha.

(b) Kanyaga breki, kisha mwombe mtu atazame taa za nyuma. Magari ya kitufe hayawaki mpaka kompyuta ipate taarifa kwamba breki imekanyagwa. Taa za breki zisipowaka, swichi ya breki au fyuzi yake huenda ndiyo yenye hitilafu, wala si ufunguo.

(c) Ondoa vitu vinavyozuia mawimbi. Tenganisha ufunguo na simu, sarafu, funguo nyingine za aina hiyo na chaja inayochomekwa ndani ya gari. Ikiwa gari limeegeshwa karibu na mnara wa mawasiliano, lisukume hadi mahali pengine ikiwezekana, kisha jaribu tena.

(d) Gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa magari mengi ya Toyota, kanyaga breki, shika ufunguo kwa upande wenye nembo ukiugusisha kwenye kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza kitufe mara moja. Baadhi ya magari ya Nissan yana tundu maalumu la kuingizia ufunguo huo. Mlango ukikataa kufunguka, toa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya ule wa kielektroniki. Kitabu cha gari huonyesha utaratibu wa kila aina.

(e) Badilisha betri ndogo ya ufunguo. Soma namba iliyoandikwa juu yake, kwa mfano CR2032 au CR1632, na ununue yenye namba hiyohiyo. Betri hizi ni za volti 3. Usiguse bodi ya ndani kwa vidole vyenye mafuta au maji, na uhakikishe upande wa chanya umekaa ulivyokuwa.

(f) Jaribu ufunguo wa akiba, ikiwa upo. Hiki ndicho kipimo chenye jibu la wazi kuliko vyote.

3. Kuyasoma majibu

Ikiwa ufunguo wa akiba unafanya kazi na ule wa kwanza haufanyi, kasoro imo ndani ya ufunguo: betri, bodi iliyoingia maji, au chipu iliyopasuka baada ya kuanguka. Hakuna sababu ya kufungua kompyuta ya gari.

Ikiwa gari linawaka kwa kugusisha ufunguo kwenye kitufe tu, chipu na imobilaiza ni nzima. Tatizo limebaki kwenye betri ya ufunguo au mawasiliano ya mbali.

Ikiwa kubonyeza ufunguo kunafunga na kufungua milango lakini gari halioni ufunguo ukiwa ndani, njia ya kujibu ni nzima. Shuku antena za ndani ya gari, au mfumo uliozimwa. Baadhi ya magari yana swichi ya kuuzima mfumo huu, na huweza kubonyezwa bila kukusudia.

Ikiwa funguo zote mbili hazitambuliwi hata kwa karibu, na betri ya gari ni nzima, kasoro iko upande wa gari: fyuzi, nyaya, koili, au kompyuta ya ulinzi. Hapo ndipo fundi umeme mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu anapohitajika. Kumbuka kama hivi karibuni gari lilifungwa alamu, redio au kifaa cha kulifuatilia. Waya uliounganishwa vibaya ni chanzo kinachopaswa kukaguliwa kabla ya kununua kipuri chochote.

Taa nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo, au kufuli, kumetameta gari likiwa limezimwa ni jambo la kawaida. Ikiendelea kumetameta baada ya swichi kufunguliwa, maana yake ufunguo haujakubaliwa.

4. Unapofika kwa fundi

Eleza vipimo ulivyofanya na majibu yake. Omba kuona msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta ya fundi kabla ya kukubali kipuri kibadilishwe, na uandikiwe makadirio yanayotenganisha gharama ya uchunguzi, ya kipuri na ya ufundi.

Ukihitaji ufunguo mpya, usitosheke na kufanana kwa umbo. Ufunguo wa gari la soko la Ulaya huweza kutumia megahezi 433, na hautazungumza na gari la Japani hata ukiwa na nembo ileile. Aidha, ufunguo uliokwisha kusajiliwa kwenye gari jingine mara nyingi haukubali kusajiliwa upya hadi ufunguliwe kwa vifaa maalumu. Mlipe muuzaji baada ya ufunguo kuliwasha gari mbele yako.

Peleka funguo zote ulizonazo, kwa kuwa baadhi ya taratibu za usajili hufuta funguo za zamani. Baada ya kazi, muulize fundi kompyuta inaonyesha funguo ngapi zimesajiliwa. Idadi ikizidi zile ulizonazo mkononi, agiza zisizojulikana zifutwe, hasa kama gari umelinunua kwa mtu mwingine.

Jihadhari na pendekezo la kuiondoa imobilaiza ili gari liwake kwa ufunguo wowote. Gari litawaka, lakini litawaka pia kwa mwizi. Fundi mwadilifu naye atakuomba kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kutengeneza ufunguo. Usiuchukulie utaratibu huo kuwa usumbufu. Ikiwa funguo zote zimepotea, toa taarifa polisi kwanza.

5. Haki zako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Fundi anayedai kwamba kompyuta imeungua ilhali hajaipima, au muuzaji anayeuza ufunguo uliotumika kwa jina la mpya, anakwenda kinyume na msingi huo.

Ili dai lako lisimame, dai risiti ya EFD, hifadhi makadirio yaliyoandikwa, na uombe kurudishiwa kipuri kilichotolewa. Anza kwa kumwandikia aliyekuhudumia ukitaja kasoro na unachotaka: marekebisho, kipuri kingine au fedha. Asipojibu, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za nyaraka hizo.

6. Kinga

Unaponunua gari, hesabu funguo kabla ya kulipa. Gari la ufunguo mmoja lina gharama iliyojificha ndani ya bei yake. Tengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mzima, kwa sababu kuongeza ufunguo ni rahisi kuliko kuanza bila hata mmoja. Ufunguo ukianza kufanya kazi kwa karibu tu, badilisha betri yake kabla ya safari. Usiuache kwenye nguo zinazokwenda kufuliwa, wala kwenye dashibodi juani.

Mwisho, betri ndogo za ufunguo ni hatari kwa watoto. Ikimezwa, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mtoto akihisiwa kuimeza, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Betri iliyokwisha ifungwe kwa gundi ya karatasi na kuwekwa mbali na mikono yao.