Jina na Picha: Sanaa ya Hadharani katika Jiji la Dar es Salaam

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, penye mzunguko wa Barabara ya Samora, imesimama sanamu ya shaba ya askari aliyeshika bunduki, singe yake ikielekea bandarini. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji wa Kiingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakazi wengi huitumia kama alama ya kuelekezana njia. Wanaosimama kuisoma ni wachache. Anayesoma hukuta maandishi ya Kiingereza yaliyotungwa na Rudyard Kipling, na pamoja nayo maandishi ya Kiswahili kwa hati mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu. Hayo yalichongwa miaka mitatu kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Msingi wa sanamu, basi, ni ushahidi kwamba wasomaji wa Kiswahili mjini humo walikuwa bado wa hati mbili, na kwamba aliyetaka kusomwa na wote alilazimika kuandika mara mbili.

Sanamu ya Askari imeandikwa katika vitabu vya historia na vya sanaa kwa marefu. Maandishi yake ya Kiswahili hayakupata bahati hiyo, na hali hiyo haiishii hapo. Sehemu kubwa ya sanaa inayoonekana hadharani Dar es Salaam hubeba maneno: kanga ina jina lake, picha ina sahihi na anwani, daladala ina msemo nyuma, ukuta una tangazo. Wataalamu wa sanaa hutazama picha na kuyaacha maneno. Wataalamu wa lugha hukusanya maneno na kukitupa kilichoyabeba. Hasara iko pande zote mbili, ila kwa mwanafunzi wa lugha ni kubwa zaidi, kwa kuwa sentensi iliyong'olewa kwenye kitambaa au kwenye kioo cha gari aghalabu huwa imepoteza nusu ya maana.

Lugha yenyewe ilikwisha kuliunganisha jambo hili. Kitenzi *onya*, kwa asili, ni kauli ya kusababisha ya *ona*: kumfanya mtu aone. Baadaye *onya* ikabaki na maana ya kutahadharisha, nayo *onyesha* ikachukua kazi ya kudhihirisha. Kwa hiyo onyesho na onyo ni ndugu wa shina moja. (Mabishano ya maonyesho na maonesho yanaendelea, na mabango ya jiji hutumia yote mawili bila kuona haya.) Onyesho la mtaani, tofauti na lile la ukumbini, bado halijausahau undugu huo: humfanya mpita njia aone, na mara nyingi humwonya papo hapo.

Mfano unaojulikana zaidi nje ya nchi ni picha za tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alianza kuchora kiasi cha mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vile vinavyopatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi: mbao nyembamba za kushindiliwa, zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Vifaa hivyo vinaeleza mengi kuhusu mtindo wenyewe. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa wepesi juu ya ubao. Kila tabaka hupaswa kukauka kabla ya jingine kupakwa. Ndiyo sababu usuli wa picha ni wa rangi moja iliyotulia, mnyama amekatwa kwa mstari mkali, na madoa ya ngozi yake yamewekwa moja moja. Walioona hapo unyonge wa mtu asiyesomea uchoraji hawakuiuliza rangi.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye mtaa wenye wanunuzi wa kigeni wengi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga wakimdhania mhalifu, akafariki. Kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa ya miaka michache tu. Wanafunzi wake wa mwanzo, miongoni mwao January Linda, Omari Amonde, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata, waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wachoraji wa hapo wakawa na chama chao cha ushirika.

Kilicholipata jina la Tingatinga baada ya hapo kinastahili kutazamwa na wanaisimu. Kiswahili kilikuwa tayari na neno tingatinga, lenye maana ya trekta au mtambo wa kusawazisha ardhi. Jina la mtu likaingia humo humo, likaacha herufi kubwa, likabadili upatanisho wake: Tingatinga *alichora*, lakini tingatinga *hizi zinauzwa* wapi? Si kawaida kwa msanii mmoja kugeuka nomino ya kawaida ndani ya kizazi kimoja. Heshima hiyo ina gharama. Jina likishakuwa la aina ya picha, mchoraji wa picha hasa hufichika. Mnunuzi huondoka akiwa amenunua tingatinga, asijue wala asiulize kama aliyeichora ni Amonde, au kijana aliyeanza kazi jana. Upande wa pili, thamani ya picha za mwanzilishi ilipopanda, sahihi yake ilianza kuonekana kwenye mbao ambazo mkono wake haukuzigusa. Jina lilelile likawa la kila mtu katika matumizi ya mtaani na la mtu mmoja katika soko la minada. Hadi leo mwenye kutaka kuisoma picha ya tingatinga hana budi kuanzia pembeni chini, kwenye sahihi.

Mwaka huohuo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Jengo lake la Upanga, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1983, lilikuwa onyesho kabla mtu hajaingia ndani, kwa kuwa wasanii walioutumia ukumbi ndio waliolipamba. Humo ndimo alimokuzwa George Lilanga, Mmakonde aliyeajiriwa kwanza kama mlinzi, akajifunza kuchapa na kupaka rangi, na hadi alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimezunguka Ulaya na Marekani. Majini wake wenye masikio makubwa hujulikana. Kisichotajwa sana ni kwamba picha zake nyingi zina majina ya Kiswahili, mengine sentensi kamili, yenye dhihaka na mafumbo ya mazungumzo ya mtaani. Katalogi za kigeni huyatafsiri majina hayo kwa maneno mawili matatu, au huyaacha kabisa, na hapo kichekesho hufa.

Jengo la Nyumba ya Sanaa halipo tena. Ardhi ya katikati ya jiji ilipanda bei kuliko sanaa iliyokuwa juu yake. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yalipanuliwa na kuitwa pia Nyumba ya Utamaduni. Nafasi, kituo kilichoanzishwa Mikocheni mwaka 2008, huwapa wachoraji karakana ndani ya makontena ya mizigo. Jina lake limechaguliwa kwa akili, kwani *nafasi* ni mahali na ni fursa. Mwenye kutaka kuona maonyesho ya ukumbini atayapata huko. Ila ukumbi huchagua kinachoweza kutundikwa, na kanga hufungwa kiunoni.

Kila kanga ina pindo, mji na jina. *Jina* ni yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa ya Kilatini. Kuyaita maneno hayo jina, wala si maandishi au ujumbe, ni uamuzi wa wavaaji ambao nadharia ya mawasiliano ingefanya vizuri kuuzingatia. Mwanamke huomba kanga dukani kwa jina lake, kama anavyomwita mtu. Anapoivaa, hasemi neno. Kama jirani amechomwa, hana pa kulalamikia: maneno ni ya kiwanda, si ya mvaaji, na aliyeyasoma ndiye aliyejitia katika kusomwa. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, alionyesha jinsi majina ya kanga yanavyowapa wanawake sauti pale ambapo kusema waziwazi kungewagharimu. Hoja yake huwa dhaifu mara tu majina yanapoorodheshwa kwenye ukurasa kama methali. Methali ileile ikivaliwa jikoni ni nguo ya kazi. Ikivaliwa kwenda kwa mke mwenza harusini, na pindo likafungwa mahali pa kusomeka, ni shambulio. Orodha haisemi nani aliivaa mbele ya nani. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kanga kwa miongo, zikiwemo za sherehe za kitaifa. Na dola nayo, ilipotaka kusema na kina mama, ilijifunza kusema kwa jina la kanga.

Ukuta wa nyumba una sarufi ya namna nyingine. Hakuna sentensi iliyoandikwa kwa brashi mara nyingi zaidi Dar es Salaam kuliko *Nyumba hii haiuzwi*, wakati mwingine ikifuatwa na *ogopa matapeli*. Mgeni hushangaa: kwa nini mwenye nyumba akanushe jambo ambalo hakuna aliyeliuliza? Ukanushi huo ni jibu kwa mauzo yaliyofanyika au yanayohofiwa kufanyika kisirisiri, ya tapeli mwenye hati za kughushi, ya ndugu anayegombea urithi. Kauli ya kutendwa, *-uzwi*, inamficha muuzaji, kwa sababu muuzaji ndiye asiyejulikana, na huenda analala chumba cha pili. Maneno matatu yanabeba kesi nzima ya ardhi. Pengine si ajabu kwamba katika mji huohuo neno *usanii* limepata maana ya pili, ya ulaghai, na kumwambia mtu aache usanii wake si kumkataza kuchora. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge huitwa mafundi, na wengi wao hawana haraka ya kuitwa vinginevyo.

Vijana wachoraji wa kuta wanaotumia rangi za kupuliza walijipatia neno lao wenyewe: *chata*, alama ya mtu, sahihi yake ya mtaani, na kikundi kimojawapo kinachojulikana kikajiita Wachata. Hapa jina limegeuka picha yenyewe. Herufi zimekunjwa na kuvimbishwa hata asiyezoea hawezi kuzisoma, na hilo ni kusudi. Inapendeza kulilinganisha na kisa cha Tingatinga: kule jina lilimponyoka mwenyewe likawa mali ya umma, huku umma unapewa ukuta mzima wa jina na kunyimwa ufunguo wake.

Yamebaki magari. Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi kusafirisha abiria jijini mwaka 1983, kondakta walinadi nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa *dala*, na daladala zikapata jina. Zikapata na maandishi: majina ya wachezaji mpira na ya wanamuziki, shukrani kwa Mungu, kejeli kwa wenye wivu, mafumbo ambayo dereva pekee alijua yamemlenga nani. Baadaye masharti ya leseni yaliyapa magari rangi na mistari ya njia, na msemo ukasukumwa hadi kwenye kioo cha nyuma. Hapo ukapata msomaji wa aina ya pekee, dereva aliyekwama kwenye foleni, ambaye hana pengine pa kutazama. Msemo kama *Wapambe nuksi* umeundwa kwa ajili yake: hauna kitenzi wala kiungo cha *ni*, husomwa kwa mtupo mmoja wa jicho, halafu humwachia dakika ishirini za kuufikiri.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, na daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo. Kwa abiria lilikuwa jambo la kupumua. Mabasi mapya hayana msemo. Yana namba ya njia na tangazo la biashara. Maelfu ya maandishi yaliyokuwa yakipita hapo kwa zaidi ya miaka thelathini hayakuwa yamekusanywa kwa utaratibu na taasisi yoyote ya kumbukumbu, na picha zilizopo ni za wapita njia. Mtafiti anayeanza leo atayatafuta kwenye njia za pembezoni, na zaidi nyuma ya bajaji, ambako kazi hiyo imehamia. Nafasi ya kuandikia huko ni ndogo, upana wa mikono miwili, na misemo imefupishwa kuitosha. Ni vema aandike pia njia, saa, rangi ya maandishi, aliyeendesha kama ndiye aliyechagua maneno au aliyakuta, na kilichokuwa kimeandikwa hapo kabla ya kupakwa rangi mpya.