Picha za Wanafunzi Katika Jumba la Makumbusho

Watu wengi walisikiapo neno makumbusho hudhani ni nyumba ya vitu vilivyokufa: mifupa ya wanyama wa zamani, ndege waliojazwa pamba, mikuki na ngao ambazo wenyewe wamekwisha kusahauliwa. Huko Kampala, makumbusho yalipoanzishwa mwaka 1908, wenyeji waliyaita Nyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga, kwa kuwa mlikusanywa humo vitu vya waganga, na wengine walionelea afadhali kupita mbali. Basi si ajabu mzazi akistaajabu kuletewa barua kwamba picha aliyoichora binti yake aliye katika shule ya sekondari imetundikwa ukutani katika nyumba ya namna hiyo. Pengine hustaajabia zaidi jambo jingine: je, ada ililipwa ili mtoto akachore?

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kuchekwa. Mtu aliyeuza mbuzi ili apate ada anayo ruhusa ya kuuliza amenunua nini. Lakini ili kulijibu yafaa kwanza kujua jinsi desturi hii ya kuonyesha kazi za wanafunzi mbele ya watu ilivyoanza kupata nguvu.

Mwaka 1912 mwalimu mmoja kijana, jina lake Marion Richardson, alianza kufundisha kuchora katika shule ya sekondari ya wasichana katika mji wa Dudley, Uingereza. Dudley siku zile ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma, wala haukuwa mji wa wachoraji mashuhuri. Siku zile mwanafunzi aliwekewa mtungi au sanduku mezani, akaambiwa anakili kila mstari sawasawa, na aliyenakili vizuri kupita wenzake ndiye aliyesifiwa. Bibi Richardson aliiacha njia hiyo. Aliwaambia wasichana wafumbe macho, kisha akawasimulia jambo kwa maneno, kwa mfano barabara ya mjini wakati wa jioni, taa zikiwaka na watu wakirudi makwao. Alipomaliza, kila mmoja alifumbua macho akaichora picha aliyoiona moyoni mwake. Hapakuwa na picha mbili zilizofanana, na hilo ndilo alilolitaka.

Mwaka 1917 mwalimu huyo alikwenda London kuomba kazi, akanyimwa. Kabla ya kurudi, akiwa na michoro ya wanafunzi wake, aliingia mahali ambapo Bwana Roger Fry, mchoraji na mjuzi mkubwa wa sanaa, alikuwa akionyesha picha zilizochorwa na watoto wa wachoraji. Akamwonyesha ile michoro ya Dudley. Bwana Fry alipendezwa nayo mno hata akaichanganya na picha za maonyesho yake, na mwaka ule ule akaandika makala juu ya michoro ya watoto katika gazeti la sanaa. Hivyo safari iliyokwenda kombo ikawa ndiyo iliyowaonyesha watu wa London kazi za wasichana wa mji wa viwanda.

Habari hii ingekuwa ya Uingereza peke yake kama Bibi Richardson hakuwafundisha walimu wengine. Mmoja wa waliojifunza kwake ni Margaret Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, akakaa kwa Wakamba na kutazama kwa makini kazi za mikono za wenyeji. Baadaye walihamia Uganda, na huko akaanza kufundisha sanaa Makerere. Naye pia alisimulia kwanza, ndipo wanafunzi wakachora. Mwaka 1938 kazi zao zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikavuka bahari zikaonyeshwa London. Katika miaka ya 1940 yale makumbusho ya Kampala yaliyoitwa Nyumba ya Mayembe yalihamishiwa Makerere na kuwekwa chini ya ulinzi wake. Vitu vya wazee na kazi za vijana vikawa chini ya mkono mmoja.

Matunda yake yaonekana. Gregory Maloba, aliyetoka upande wa Mumias, ndiye aliyeifanya sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro, Mchagga, aliuziwa picha yake kwa makumbusho makubwa ya sanaa ya New York, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika huko London. Elimo Njau wa Marangu alichora picha kubwa kubwa ukutani mwa kanisa la Mtakatifu James, Murang'a. Wote watatu walipita Makerere. Ni kweli kwamba si kila mwanafunzi achoraye atafika huko, kama vile si kila ajifunzaye hesabu atakavyokuwa mhandisi.

Sasa, picha hufikaje ukutani? Mahali pengi walimu hupeleka kazi walizozichagua, na baraza la waamuzi huzitazama. Huko Marekani yako mashindano ya wanafunzi yaliyoanzishwa mwaka 1923 na Bwana Maurice Robinson, na yangaliko hata leo. Andy Warhol, aliyesifika baadaye duniani kote, alipata tuzo huko alipokuwa mwanafunzi. Waamuzi wake hawaambiwi mchoraji ni nani wala ametoka mji gani. Hutazama mambo matatu: kama wazo ni la mwenyewe, kama mkono una ustadi, na kama sauti ya mchoraji yasikika ndani ya kazi. Picha iliyonakiliwa kutoka kalenda, hata ikiwa safi namna gani, huanguka kwa jambo la kwanza. Hapo ndipo vijana wengi hodari huumia, kwa maana nyumbani na shuleni walisifiwa kwa kunakili.

Picha iliyochaguliwa hupewa heshima ile ile wapewayo wachoraji wakubwa. Hubandikwa juu ya kadibodi isiyo na asidi, kwa sababu karatasi duni huifanya picha kuwa ya manjano, kama gazeti lililoachwa juani. Kioo hakiguswi na rangi, maana unyevu wa masika ungeigandisha picha kiooni. Taa hupunguzwa, hasa kwa rangi za maji, ambazo zikimulikwa kwa nguvu hupauka na hazirudi tena. Hutundikwa hivi kwamba katikati yake pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, sawa na macho ya mtu mzima aliyesimama. Chini yake huwekwa kikaratasi chenye jina la mwanafunzi, shule yake, na vitu alivyotumia. Kikaratasi hicho ni kidogo, lakini ndicho wazazi wanachokitafuta kwanza.

Yule baba aliyeuza mbuzi akija, heri asimame mbali kidogo kwanza aione picha nzima, kisha asogee karibu bila kuigusa, kwa kuwa mafuta ya vidole huharibu. Kama amechorwa yeye mwenyewe akikama ng'ombe alfajiri, yamkini atauona mkono wake jinsi ambavyo hajapata kuuona. Na kama haielewi picha, na amwulize binti yake, ambaye kwa kawaida husimama pale pale akijifanya kutazama ya mwenziwe.

Maonyesho yakiisha, picha hushushwa, huhesabiwa katika daftari ya makumbusho, na kurudishwa shuleni. Mwanafunzi hutia sahihi kwamba ameipokea salama, akaichukua kwenda nayo nyumbani.