Lipu Si Ukuta

Kioo kikubwa cha kujitazama kikianguka, lawama huendea msumari. Lakini uokote msumari huo uutazame: mara nyingi ni mzima, haukupinda, na umebaki na unga wa lipu mwilini. Kilichoshindwa ni kile tulichodhani ni ukuta.

Uzito wenyewe si wa kukisia. Mita moja ya mraba ya kioo, kwa kila milimita ya unene, ina kilo 2.5. Kwa hiyo kioo cha sentimita 150 kwa 80, chenye unene wa milimita 5, ni kilo 15. Kitie fremu ya mbao ngumu, na kilo 20 hizo hapo.

Nyumba zetu nyingi za mijini ni za matofali ya saruji yaliyopigwa lipu ya sentimita moja au mbili. Lipu huulainisha ukuta na kuukinga. Haikuwekwa ibebe mzigo. Msumari ukigongwa huipasua kwa ndani, na nyufa hizo huzioni mpaka siku ya kuanguka.

Mwaka 1911, John Joseph Rawlings, mkandarasi wa London, alisajili hataza ya kifaa alichokibuni baada ya kupewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum bila kuziharibu kuta. Kilikuwa ala ndogo ya nyuzi za juti inayotangulia tunduni, kisha skrubu ikafuata. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaitengeneza kwa nailoni, na hiyo ndiyo mama wa rolplagi za plastiki tunazonunua leo. Skrubu ikiingia, ala hutanuka na kuubana ukuta pande zote, na msuguano ndio unaoshika. Ndiyo maana tundu likiwa pana kuliko ala, au likibaki na vumbi, nguvu hupotea. Na ala ikiishia kwenye lipu, inabana kitu kinachomomonyoka. Toboa mpaka ndani ya tofali, ala yote ipite lipu, na skrubu iwe ndefu ya kutosha kuifuata huko. Tofali likiwa na uwazi ndani, zima mtikiso wa drili, kisha tumia boliti ya mabawa yanayofunguka upande wa pili.

Kuna hatari nyingine wachache huitazama: waya wa nyuma. Waya mmoja ukining'inizwa kwenye skrubu moja na pande zake zikainuka nyuzi 60 kutoka ulalo, kila upande wa waya huvutwa kwa nguvu ya kilo 11.5 hivi kwa kioo chetu cha kilo 20. Kwa nyuzi 30, kila upande huvutwa kwa kilo 20 kamili. Ukikazwa hadi nyuzi 10 ili usionekane, mvuto hufika karibu kilo 58, na fremu nayo huvutwa kwa ndani. Kwa kioo kizito mimi siukubali waya kabisa. Funga vishikio viwili, kila kimoja na skrubu yake, vilivyosawazishwa kwa pima maji, na chini uweke kibao cha kukipokea kioo.

Kabla ya kutoboa, kwepa mstari wa wima juu na chini ya swichi, maana nyaya za umeme kwa kawaida hupita humo. Na kama ukuta ni wa udongo, kisimamishe kioo sakafuni, ukifunge kwa juu kwenye mti wa ukuta.