Mkeo akijifungua kwa upasuaji, pangeni arobaini pamoja

Kama mnaishi Mji wa Kale, jioni hii hesabu vipandio vya ngazi zenu. Zile nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni ambazo kila mtu anapiga picha milango yake ya nakshi, ndani zina ngazi nyembamba zilizosimama wima. Sasa mfikirie mkeo akizipanda na mshono mbichi tumboni, mtoto mkononi. Halafu jiulize choo kiko orofa gani.

Hilo lipangeni wawili kabla hajatoka hospitalini. Majuma ya mwanzo alale chini, na kila anachohitaji, kuanzia nepi hadi chupa ya chai, kishushwe. Kwa kawaida madaktari hukataza mzazi wa upasuaji kunyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake. Kwa hivyo mtungi wa maji ni wako, mazee. Hata ukiwa nusu.

Muda je? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo. Wapo wanaoichukua kisha wakashinda barazani wakipokea pongezi na kahawa chungu. Hiyo si likizo ya baraza.

Sasa tufike pagumu: kukandwa. Huku kwetu Pwani mzazi hukandwa kwa maji moto, akafungwa mkanda tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Uji hauna neno, uendelee. Lakini kubonyeza tumbo lenye mshono kunaweza kuufumua, na maji yasiyo safi huingiza viini kwenye kidonda. Mkanda nao usubiri idhini ya daktari.

Nani atamwambia mama? Usimwachie mkeo, kwani akikataa yeye itasemwa ana maringo. Mama ni wako, sema wewe, mapema na kwa adabu: "Mama, daktari amekataza tumbo lisiguswe. Tusaidie na uji na kumwogesha mtoto." Mimi neno hilo nililikwepa siku tatu, nikijifanya nina shughuli Marikiti. Siku ya nne nikamkuta mke wangu analia chooni, maji yanachemka jikoni. Mama nilipomwambia hata hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini sikusema mapema.

Kutembea kunatakikana, tena mapema, maana husaidia kuzuia damu kuganda miguuni. Anzeni chumbani hadi ukumbini. Akipata nguvu, tokeni asubuhi kabla ya jua kali, polepole kwenye vichochoro hadi Fort Jesus, mrudi. Mama Ngina itangoja. Mkipanda tuktuk, abane mto tumboni, matuta yetu mnayajua.

Chakula ni kimoja kwa wote wawili, si yeye mchicha na wewe viazi karai mbele yake. Mbaazi, mboga, paipai na maji mengi, kwa sababu kujikamua chooni na mshono ni mateso. Maini na maharagwe huongeza madini ya damu. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, la sivyo hupunguza faida yake. Na sigara, kama unavuta, hapo ndani hapana.

Akipata homa, mshono ukitoa usaha au harufu, damu ikimwagika nyingi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akishindwa kupumua vizuri, msingoje kupambazuke. Weka kwenye simu nambari ya dereva wa tuktuk anayefanya kazi usiku.

Kliniki ya wiki ya sita ingieni nyote wawili. Hapo ulizeni kuhusu tendo la ndoa na kupanga uzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 ipite kabla ya kushika mimba nyingine. Muuguzi ameshayasikia maswali hayo yote. Atakayeona haya ni wewe.