Mabamba: siku moja ziwani kwa mfanyabiashara anayesubiri mzigo

KAMPALA. Mfanyabiashara anayefika Kampala kutoka Busia, Mutukula, Katuna au Mpondwe anaijua siku ya kusubiri. Bidhaa zimeshanunuliwa Kikuubo, lori limeahidiwa kesho, na karatasi za forodha bado ziko kwa wakala. Siku hiyo huishia kwenye chumba cha gesti, simu mkononi na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekihitaji. Wapo waliokuja Kampala mara hamsini na hawajawahi kuona chochote zaidi ya stendi, soko na benki.

Uganda haina bahari, lakini ina ufuko mrefu wa Ziwa Viktoria, na sehemu yake moja iko karibu kiasi cha kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama. Ni Ghuba ya Mabamba, kinamasi kilichoko wilaya ya Wakiso, magharibi mwa rasi ya Entebbe. Wazungu huvuka bahari ili waje kupanda mtumbwi pale. Sisi tunaolala kilomita zipatazo 50 kutoka hapo, wengi hatujui hata jina lake.

Wanachokifuata ni ndege mmoja. Waganda humwita bbulwe. Ni korongo mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mpana uliovimba kama kiatu cha mbao. Akisimama hufikia urefu wa kati ya mita 1.1 na 1.4, kimo cha mtoto wa shule ya msingi, na akikunjua mabawa huweza kupita mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha. Dunia nzima inakadiriwa kuwa na ndege hao kati ya 5,000 na 8,000 tu. Wengi wako kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Wengine wako Kongo, Zambia na kwenye mabonde ya Malagarasi na Moyowosi huko magharibi mwa Tanzania. Kwa maneno mengine, ni ndege wa ukanda wetu huu huu wa biashara, ila yeye hana haja ya pasipoti.

Kutoka nuksi hadi mtaji

Habari ya Mabamba inayomfaa mfanyabiashara ni hii: zamani ndege huyu aliuawa na watu wale wale wanaomlinda leo.

Bbulwe hula samaki, na anayempenda kuliko wote ni yule ambaye Waganda humwita mmamba. Msomaji wa Tanzania na Kenya asishtuke. Mmamba wa Kiganda si mamba mwenye magamba na meno. Ni kamongo, samaki mrefu wa matopeni mwenye mapafu. Kwa sababu ana mapafu, kamongo hulazimika kupanda juu kila baada ya muda kuvuta hewa. Bbulwe anaijua tabia hiyo. Husimama kimya kabisa juu ya majani, saa nzima ikibidi, na kamongo anapochomoza hujitupa juu yake kwa mwili wote na kumbana kwa mdomo pamoja na matope na nyasi. Kisha hutema nyasi na kumeza samaki.

Mvuvi wa Mabamba naye anamtaka kamongo huyo huyo. Ndiyo maana iliingia imani kwamba ukikutana na bbulwe asubuhi, siku yako imekwisha: utarudi na mtumbwi mtupu. Dawa ya nuksi ikawa kumuua ndege. Ndege huyu hutaga yai moja hadi matatu, na mara nyingi kifaranga mmoja tu ndiye anayefikia kuruka. Kwa uzazi wa namna hiyo, kila anayeuawa ni pengo lisilozibika haraka.

Kilichobadilisha mambo ni hesabu. Mwaka 2006 Mabamba iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar, na wageni wakaanza kuongezeka. Wavuvi wakaona kwamba mgeni halipi kumwona kamongo sokoni. Analipa kumwona bbulwe akiwa hai. Kamongo huuzwa mara moja. Bbulwe aliyesimama kwenye majani yake huonyeshwa leo, kesho na mwaka ujao, na bado yupo. Wenyeji wakaunda chama cha waongozaji, wakajifunza majina ya ndege, na mitumbwi iliyobeba nyavu ikaanza kubeba watu.

Mfanyabiashara hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anajua tofauti ya kula faida na kula mtaji.

Jinsi ya kwenda

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu: unatoka Kampala kwa upande wa Nateete, unapita Nakawuka na Kasanje hadi bandari ndogo ya Mabamba. Ya pili ni kwenda kwanza Entebbe, kisha kwenye gati la Nakiwogo, ambako pia hupandiwa meli ya visiwa vya Ssese. Hapo unavuka kwa boti hadi Buwaya na kumalizia kwa bodaboda. Njia ya pili ina maji mengi zaidi na inampendeza asiyeogopa mawimbi. Mwenye gari au kikundi hupata nafuu kwa njia ya kwanza.

Toka mapema. Ukiondoka mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri, utaushinda msongamano wa magari na kumkuta ndege bado anawinda. Ukifika saa sita mchana, jua ni kali, ndege wametulia, na upepo wa ziwa umeanza kuchafua maji.

Ukifika, sajili jina kwa waongozaji wenyewe pale bandarini, ulipe hapo na upewe risiti. Usimfuate kijana aliyekudaka njiani na kudai mtumbwi wake ni wa bei nafuu. Anaweza kuwa mkweli, lakini pesa yako haitapita kwenye mfuko wa chama, na chama hicho ndicho kinachomfanya mvuvi amwache ndege hai. Kwa kawaida mtumbwi hukodiwa mzima, si kwa kichwa. Wafanyabiashara watatu wanaosubiri mzigo pamoja hulipa theluthi kila mmoja, kama wanavyogawana lori. Uliza bei ya raia wa Afrika Mashariki kabla ya kutoa noti: vivutio vingi vya Uganda huwatoza wana Jumuiya chini ya wageni wa mbali, lakini asiyeonyesha kitambulisho huhesabiwa kama yeyote yule.

Waongozaji wamezoea Kiganda na Kiingereza. Ukitaka Kiswahili, sema mapema, na uanze kwa salamu ya wenyeji: "Wasuze otya, ssebo," kwa mwanamume, au "nnyabo" kwa mwanamke. Salamu hiyo hufungua mlango hapa kama "shikamoo" inavyofungua kwingine.

Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge. Ziwa Viktoria limemeza watu wengi waliokuwa wamelikalia jaketi badala ya kulivaa. Kama mtumbwi hauna la kutosha kila abiria, shuka usubiri mwingine. Usitie miguu majini kandokando mwa nyasi, kwa kuwa kichocho kipo ziwani. Beba kofia, maji ya kunywa na mfuko wa plastiki wa kufungia simu na fedha.

Ndani ya mafunjo

Injini huzimwa mapema, na kuanzia hapo ni upondo tu. Njia za maji ni nyembamba, mafunjo yamesimama pande zote kuliko kimo cha mtu, na mayungiyungi yametandaza majani yao juu ya maji. Utaona ndege mwekundu wa kahawia mwenye vidole virefu akitembea juu ya majani hayo kana kwamba yuko sakafuni. Utamwona mdiria mdogo mwenye rangi za kitenge kipya, na nyangenyange weupe. Ukiwa na bahati utamwona pia korongo mwenye taji, yule aliyeko kwenye bendera ya Uganda.

Bbulwe mwenyewe hana ahadi. Kazi ya mwongozaji ni kusoma alama: mahali alipoonekana jana, mahali maji yalipopungua, mahali kamongo wanapochomoza. Waongozaji hupigiana simu kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Akionekana, watu hunyamaza. Mwongozaji mzuri atakataa kusogea karibu sana hata ukimwongezea pesa, kwa sababu ndege aliyesumbuliwa huruka na kuacha windo, na kesho hatarudi pale. Ukikataliwa, usikasirike. Huyo analinda duka lake.

Anayetaka wanyama wa aina nyingine ana chaguo mbili upande wa Entebbe. Kuna kituo cha elimu ya wanyamapori kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, ambacho hufikika kwa teksi ya kawaida. Kisha kuna kisiwa cha Ngamba, kilomita zipatazo 23 kutoka Entebbe kwa boti, ambacho tangu 1998 ni makazi ya sokwe wapatao 50. Safari ya Ngamba ni ghali zaidi kwa sababu ya boti. Sokwe wale ni yatima waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wachuuzi wa wanyama, na baadhi yao walipita njia za magendo zinazovuka mipaka yetu.

Kinamasi na duka lako

Hapo ndipo safari hii inapomgusa mfanyabiashara kwa karibu. Bbulwe ana soko la gizani. Wapo wanaomtaka akiwa hai kwa bustani za matajiri wa mbali, na biashara yake ya kimataifa hairuhusiwi bila vibali vya mkataba wa CITES. Kasuku wa kijivu, magamba ya kakakuona na pembe za ndovu hufuata njia hizo hizo. Anayetafutwa kubeba mara nyingi si jangili mwenyewe. Ni mtu wa kawaida mwenye gari, mwenye sura inayojulikana mpakani, anayeambiwa kuwa boksi lina "kuku wa kienyeji" na kwamba atalipwa vizuri. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha kwa makosa makubwa dhidi ya wanyama walio hatarini, na Oktoba 2022 mahakama ya Kampala iliitoa adhabu hiyo kwa mtu aliyekamatwa na pembe za ndovu. Mzigo usioujua usiubebe, hata kama anayekutuma ni jirani.

Jambo la pili ni samaki. Mafunjo ya Mabamba na ya ghuba jirani ni mahali samaki wadogo wanapojificha na kukulia. Sato anayeuzwa Busia na kamongo anayekaushwa na kuvushwa hadi Kongo huanzia kwenye maji tulivu kama haya. Anayenunua samaki wachanga kwa sababu ni rahisi, ananunua mzigo wake wa mwaka kesho kwa bei ya leo.

Jambo la tatu liko Kampala yenyewe. Mfereji wa Nakivubo unaopita karibu na soko la Owino humwaga maji yake kwenye kinamasi cha Nakivubo, na kutoka hapo huingia ziwani, upande ule ule ambako mji huchota maji yake ya kunywa. Kinamasi hicho ndicho kilichokuwa kikichuja uchafu wa jiji. Kimejengwa, kimelimwa, kimepungua. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji hufurika, na wenye maduka katikati ya mji wanajua gharama ya marobota ya nguo yaliyolowa. Mwaka 1994 ardhi oevu ilifunika asilimia 15.6 ya Uganda. Kufikia 2019, iliyobaki bila kuharibiwa ilikuwa asilimia 8.9.

Mtu aliyeketi kwenye mtumbwi wa Mabamba huona kile ambacho Nakivubo ilikuwa: maji yanayoingia polepole, nyasi zinazoyashika, samaki wanaozaliwa, na watu wanaoishi kwa hayo bila kuyamaliza. Wengine huvuna mafunjo na kusuka mikeka, wengine huvua, wengine huongoza wageni, na wapo wanaofanya yote matatu kwa zamu.

Tangu Julai 2010, Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki limetupa haki ya kupitisha bidhaa na huduma kwa masharti nafuu. Mwongozaji wa Mabamba naye anauza huduma, na mteja aliye karibu naye kuliko wote ni wewe uliyelala Kisenyi ukingoja lori. Noti unayomlipa haiendi mbali: hununua mafuta ya injini, ada ya shule Kasanje, na sababu ya mvuvi kuinua upondo wake na kumpita bbulwe bila kumgusa.

Mzigo wako utapakiwa kesho. Leo, kama kuna mvua kubwa, ahirisha. Kama anga ni safi, uliza njia ya Kasanje, beba kitambulisho, na uwe bandarini kabla ya saa mbili asubuhi.