Wazee Wetu Uwanjani: Tuitunze Ngozi, Mchezo Uendelee



Siku hizi si jambo la kushangaza kuwaona watu wazima wenye mvi wakikimbia asubuhi kandokando ya barabara kuu, au timu ya maveterani ikipambana uwanjani, au akina mama wakicheza mpira wa pete. Hili ni jambo jema la kutia moyo. Mazoezi husaidia kushusha shinikizo la damu, kudhibiti kisukari, kuimarisha mifupa na kuondoa upweke. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na wengi wa umri huo hapa Ilula bado wanalima nyanya na vitunguu kwa mikono yao. Nguvu wanazo.

Hata hivyo, kuna kiungo kimoja ambacho husahauliwa tunapozungumzia afya ya wazee wanaofanya mazoezi. Kiungo hicho ni ngozi.

Baridi isitudanganye

Wengi hudhani kwamba jua kali ni la Dar es Salaam na Morogoro, na kwamba huku kwetu kwenye ubaridi hakuna tatizo. Sivyo. Kinachounguza ngozi si joto, bali ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayoichuja mionzi hiyo hupungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Mbeya ni juu zaidi. Kwa hiyo, anayepanda mlima Kitonga akitokea Ruaha Mbuyuni huliacha joto bondeni, lakini huja kukutana na mionzi mikali zaidi. Hata mawingu mepesi hayaizuii.

Tena, sisi tuko karibu na Ikweta. Jua la Ilula hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Oktoba ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu mvua huwa bado na anga ni jeupe.

Ngozi ya mzee ina tofauti gani?

Umri unapoongezeka, ngozi huwa nyembamba, hutoa mafuta kidogo na hupona polepole. Mkwaruzo ambao kwa kijana hupona kwa siku chache, kwa mzee waweza kuchukua wiki kadhaa, hasa akiwa na kisukari. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo na baridi kavu huongeza ukavu, muwasho na magaga ya miguu. Nyufa hizo ni mlango wa vijidudu.

Kuna pia suala la dawa. Baadhi ya vidonge vya presha, hasa vile vinavyoongeza mkojo kama haidroklorothiazaidi, huweza kuifanya ngozi iathirike haraka na jua. Usiache dawa yako! Mwulize mhudumu wa afya, na ongeza kujikinga.

Je, ngozi nyeusi haina kinga yake?

Inayo. Rangi nyeusi ya ngozi, yaani melanini, ni kinga kubwa, na ndiyo maana saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni adimu kwa watu weusi. Hatuna haja ya kutishana. Lakini kinga hiyo haizuii ukavu, wala hailindi macho, ambayo mionzi huyaongezea hatari ya mtoto wa jicho. Haipo kabisa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Na ziko saratani za ngozi zisizotokana na jua. Hizi huanzia kwenye kovu la zamani la moto, kwenye kidonda cha miaka mingi, au kwenye nyayo na chini ya kucha.

Wengi wanamkumbuka mwanamuziki Bob Marley, aliyependa sana mpira wa miguu. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa ni jeraha la mpira tu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Jeraha la uwanjani lisilopona lisidharauliwe.

Mambo ya kufanya

1. Chagua saa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua ni kali. Tumia kivuli chako kama kipimo: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali.

2. Vaa kofia ya pama. Kapelo hukinga paji la uso tu, ikaacha masikio na shingo. Shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri hushinda mafuta yoyote.

3. Usicheze pekupeku. Vaa raba zinazokutosha na soksi kavu. Baada ya mchezo, osha miguu na ukaushe vizuri katikati ya vidole ili kuzuia fangasi.

4. Oga kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana na sabuni ya kufulia huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Jipake mafuta ya mgando au ya alizeti mara tu unapojikausha, ngozi ikiwa bado na unyevu. Lakini fahamu kwamba mafuta haya hulainisha tu. Hayazuii jua.

5. Mafuta ya kukinga jua yawe na SPF 30 au zaidi. Yapake dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho jingi. Kama hela haitoshi, anza na kofia na shati.

6. Acha mkorogo. Krimu za kujichubua huondoa kinga uliyozaliwa nayo na huzidi kuifanya ngozi kuwa nyembamba.

Kwa wenye ualbino mambo yote haya ni ya lazima tangu utotoni, na mafuta ya kukinga jua kwao ni dawa, si urembo. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kilipo chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, yalianza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao, ambayo yamekuwa yakitolewa bila malipo. Ulizia kliniki iliyo karibu nawe.

Lini uende hospitali?

Nenda zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Ilula ukiona: kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja; uvimbe unaokua au kutoa damu; kovu la zamani lililofumuka; doa jeusi linalobadilika kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Saratani ya ngozi ikiwahiwa, mara nyingi hukatwa ikaisha. Anayesubiri hadi inuke huja kutibiwa kwa shida kubwa.

Ratiba ni yetu sote

Mwisho, tuseme na waandaaji wa michezo. Mechi ya maveterani mara nyingi hupangwa kuwa ya utangulizi, saa nane mchana, ili vijana wacheze jioni kukiwa na ubaridi. Hivyo, wenye ngozi dhaifu hupewa jua kali kuliko wote. Ratiba hii yaweza kubadilishwa bila gharama yoyote. Wazee waanze saa moja asubuhi, au wapewe jioni yao, na maji ya kunywa yawe karibu pamoja na kivuli cha mti au turubai kwa wanaosubiri zamu.

Nyumbani nako, kijana mmoja amkague babu au bibi mara moja kwa mwezi mgongo, nyuma ya masikio na nyayo, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona. Ni kazi ya dakika tano, na yaweza kuokoa mguu au uhai.